Askari Kanzu Wawili wa Manhattan na Barua za Watazamaji

Juni 1982 jarida la TV Guide la Marekani lilichapa maneno ya ofisa mmoja wa shirika la utangazaji la CBS ambaye hakutaka jina lake litajwe. Swali lilikuwa kwa nini mwigizaji Meg Foster ameondolewa katika Cagney & Lacey, tamthilia changa ya polisi iliyokuwa na vipindi sita tu. Ofisa huyo alijibu kwamba wapelelezi wawili wa kike wa tamthilia hiyo walikuwa wakali kupita kiasi, kwamba walishughulika zaidi na kupigana na mfumo kuliko kufanya kazi ya polisi, na kwamba umma wa Marekani hauwataki wanawake wa aina hiyo. Akamalizia kwa kusema kuwa wao wenyewe pale CBS waliwaona kama wanawake wanaopenda wanawake wenzao. Wanahistoria wa televisheni wameyarudia maneno hayo mara nyingi kwa sababu ya ukali wake. Lenye uzito zaidi, hata hivyo, ni jinsi msemaji alivyohama: alianza na kile ambacho umma hautaki, akaishia kwenye kile ambacho yeye na wenzake walikiona. Kati ya umma na wakubwa wa CBS palikuwa na pengo, na humo ndimo ilimopita historia yote ya tamthilia hii. Watazamaji walilishwa maneno ambayo hawakuyasema, na walipopata njia ya kujisemea walisema mengine kabisa.

Askari wa kike hakuwa mgeni machoni pa Wamarekani. Isabella Goodwin alipandishwa cheo kuwa mpelelezi katika polisi ya New York mwaka 1912. Kwa miongo mingi iliyofuata wanawake katika jeshi hilo walipangiwa kazi za pembeni: kuwalinda mahabusu wa kike, kushughulikia watoto waliopotea, na kutumika kama chambo cha kuwanasa wezi na wabakaji. Mwaka 1961 Felicia Shpritzer alikwenda mahakamani kudai haki ya kufanya mtihani wa usajenti, ambao ulikuwa wa wanaume peke yao. Hoja ya wakuu wake ilikuwa kwamba wanawake hawana nguvu wala ustahimilivu wa kazi hiyo. Alishinda, na mwaka 1965 yeye na Gertrude Schimmel wakawa masajenti wa kwanza wa kike wa jiji hilo. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1972 iliyopanua marufuku ya ubaguzi wa ajira hadi kwenye idara za serikali za majimbo na miji ndiyo iliyowatoa wanawake hao ofisini na kuwapeleka doria za kawaida mitaani. Lakini mwaka 1975 New York ilipokaribia kufilisika, maelfu ya askari waliachishwa kazi, na kwa kuwa waliondolewa kwanza walioajiriwa mwisho, wanawake waliumia zaidi. Kwa hiyo watu waliokaa mbele ya televisheni mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuwa wakitazama jambo ambalo bado lilikuwa likigombaniwa nje ya nyumba zao.

Katika televisheni yenyewe, Beverly Garland aliigiza askari wa New York katika Decoy, tamthilia ya mwaka 1957 na 1958 yenye vipindi 39, ambayo ilitolewa kwa heshima ya idara ya askari wa kike ya jiji hilo. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya Marekani iliyomweka askari wa kike katikati. Kisha kikafuata kimya kirefu mpaka mwaka 1974, NBC ilipoanza kurusha Police Woman, Angie Dickinson akiwa Sajenti Pepper Anderson. Msimu wake wa kwanza uliingia katika tamthilia zilizotazamwa zaidi nchini. Mwaka huohuo Teresa Graves, mwigizaji Mweusi, alipata tamthilia yake ya Get Christie Love! kwenye ABC, ingawa haikuvuka msimu mmoja. Mafanikio ya Police Woman yanatosha kuonyesha kwamba Wamarekani hawakuwa na kinyongo na mwanamke mwenye beji. Suala lilikuwa ni mwanamke gani. Pepper alikuwa hodari, lakini kazi ilimvalisha mara kwa mara kama kahaba au mcheza dansi wa klabu, na mambo yalipochacha mara nyingi walikuwa wenzake wa kiume waliokuja kumwokoa. Nadhani wakubwa wa televisheni walisoma umaarufu wake vibaya. Waliona kwamba mtazamaji amelipenda vazi, wala hawakujiuliza kama huenda amempenda mtu aliye ndani yake.

Barbara Corday na Barbara Avedon waliandika mswada wa kwanza wa Cagney & Lacey mwaka 1974, baada ya kusoma kitabu cha mhakiki Molly Haskell kuhusu wanawake katika filamu. Humo walikutana na hoja kwamba Hollywood, iliyotengeneza filamu nyingi za wanaume wawili marafiki wanaopita katika misukosuko pamoja, haijawahi kutengeneza moja ya wanawake wawili wa namna hiyo. Avedon alikuwa mwandishi wa siku nyingi na mmoja wa waanzilishi wa Another Mother for Peace, kundi la akina mama waliopinga vita vya Vietnam. Wawili hao walikaa siku kadhaa na askari wa kike wa New York ili kuona kazi inavyokwenda. Mtayarishaji Barney Rosenzweig aliuzungusha mswada huo katika studio mbalimbali na kukataliwa. Ukageuzwa kuwa wazo la tamthilia, nalo likakataliwa. Hatimaye CBS ilikubali kutengeneza filamu moja ya televisheni, ikarushwa tarehe 8 Oktoba 1981, Loretta Swit akiwa Christine Cagney na Tyne Daly akiwa Mary Beth Lacey. Jarida la Ms., lililoanzishwa na Gloria Steinem na wenzake, liliwaweka waigizaji hao kwenye jalada la mwezi huo. Usiku ule asilimia 42 ya watu waliokuwa wakitazama televisheni walikuwa wakiitazama filamu hiyo. Mradi uliokuwa umezungushwa kwa miaka saba huku ukiambiwa hauna mnunuzi ulipata watazamaji kwa mkupuo mmoja, bila kumvalisha mtu nguo ya dansi isipokuwa pale ambapo hadithi yenyewe ililalamikia jambo hilo.

CBS ikaagiza tamthilia. Swit alikuwa amefungwa na mkataba wa tamthilia nyingine, M*A*S*H, hivyo nafasi ya Cagney ikachukuliwa na Meg Foster. Kipindi cha kwanza kilirushwa Alhamisi tarehe 25 Machi 1982, mara baada ya Magnum, P.I., tamthilia iliyokuwa ikivuta watu wengi sana. Watazamaji wa Magnum hawakubaki wote, na baada ya vipindi viwili CBS ilitaka kuifuta. Rosenzweig aliomba apewe usiku mwingine wa majaribio. Waigizaji wawili walipelekwa mji baada ya mji kuhojiwa na magazeti na stesheni, na kipindi cha Jumapili tarehe 25 Aprili kikapata asilimia 34, nafasi ya saba katika jedwali la wiki nzima. Hapa ndipo mwanahistoria anapopaswa kusimama. Tamthilia yenye Foster, ile ambayo ofisa asiyetajwa jina angesema miezi miwili baadaye kwamba umma umeikataa, ilikuwa imeshika nafasi ya saba nchini iliporushwa saa ya watu wazima na si nyuma ya Tom Selleck, nyota wa Magnum, na gari lake jekundu. CBS ilikubali kuendelea kwa sharti kwamba Foster aondoke. Takwimu zilikuwa mezani, uamuzi ukaenda kinyume chake, kisha lawama ikatwikwa watazamaji.

Watazamaji waliandika. Mtafiti Julie D'Acci, aliyepata kusoma kumbukumbu za utayarishaji na barua nyingi zilizotumwa, alichapisha mwaka 1994 uchunguzi ambao mpaka leo ndio msingi wa maarifa yetu kuhusu jambo hili. Miongoni mwa barua hizo zimo za watu waliokasirishwa na kuondolewa kwa Foster na waliosema wazi kwamba hawakuona tatizo ambalo CBS ilidai kuliona kwa niaba yao. Wengi wa walioandika walikuwa wanawake, na walichoeleza hakikuwa sifa za jumla. Walisimulia kazi zao wenyewe, mabosi wao, jinsi wanavyorudi nyumbani wamechoka na kukuta kazi nyingine inawasubiri. Lacey ana mume, Harvey, fundi wa ujenzi ambaye mara nyingi hana kazi, na watoto. Mshahara wake ndio unaoshika nyumba. Cagney hajaolewa, anataka cheo, na ana baba ambaye naye alikuwa askari na ambaye ulevi wake umemwachia bintiye urithi mbaya. Waandishi wa barua waliwajadili wanawake hawa kama watu wanaowafahamu. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na kiburi, akakosea, akamkwaza rafiki yake, kisha kesho akaja kazini: hilo lilikuwa nadra kwenye televisheni, na watu walilitambua mara moja.

Sharon Gless aliingia katika nafasi ya Cagney kuanzia Oktoba 1982. Mhusika akabadilishwa pia. Cagney mpya alipewa mama wa ukoo wa kitajiri, nguo za kupendeza zaidi, na wanaume wa kutoka nao. Tamthilia ilihamishiwa Jumatatu usiku, ambako ilipambana na sinema za NBC na mpira wa Kimarekani wa ABC. Takwimu zikawa za wastani, na majira ya kuchipua ya mwaka 1983 CBS ikaifuta kabisa. Safari hii barua zilikuja kwa maelfu. Shirika la Kitaifa la Wanawake liliunga mkono, wahakiki wa magazeti waliandika, na marudio yaliyorushwa kiangazi kile yakapanda hadi juu kabisa kwenye jedwali la watazamaji. Mwezi Septemba Tyne Daly alipokea tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike kwa tamthilia ambayo rasmi ilikuwa imekufa. CBS ikageuza uamuzi na kuagiza vipindi saba. Vilianza tarehe 19 Machi 1984, na msimu ulipohesabiwa Cagney & Lacey ilikuwa ya kumi nchini. Iliendelea hadi Mei 1988, jumla ya vipindi 125. Katika miaka sita mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1988, tuzo ya Emmy ya mwigizaji bora wa kike katika tamthilia ilikwenda kwa mmoja wa hawa wawili: Daly mara nne, Gless mara mbili.

Hoja ya kwanza dhidi ya masimulizi haya ni kwamba barua zile hazikuwa sauti ya umma, bali ya kampeni. Kuna ukweli hapo na haufai kufichwa. Rosenzweig alikuwa hodari wa kupiga debe. Waliomwandikia aliwajibu akiwaomba waandike CBS na kwenye magazeti ya miji yao, na alijua barua kumi kwa mhariri wa gazeti la mji mdogo zinaweza kumfikia mkubwa wa New York kwa nguvu kuliko barua mia zilizorundikwa kwenye ofisi ya mapokezi. Mtu ambaye kazi yake inategemea tamthilia hawezi kuwa shahidi asiye na upande. Hata hivyo, hoja hii inachanganya mambo mawili. Mtayarishaji anaweza kumwambia mtu aandike, lakini hawezi kumpa cha kuandika kuhusu mume wake, mshahara wake na binti yake. Barua ambazo D'Acci alizichambua hazifanani kama nakala za tamko moja. Zinatofautiana, zinapingana, na baadhi zinamlaumu Rosenzweig mwenyewe. Tena, kampeni zilizopangwa zilikuwepo kwa tamthilia nyingine pia na hazikufanikiwa. Kupanga kunaleta wino na stempu, hakumlazimishi mtu kukaa chini Jumatatu usiku wakati wa kiangazi na kutazama kipindi alichokwisha kukiona. Marudio yale ndiyo ushahidi ninaoutegemea zaidi kuliko idadi ya barua.

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nayo ni kwamba takwimu za kawaida zilikuwa kweli za chini, na biashara ya televisheni haiendeshwi kwa mapenzi. Ili kuijibu inabidi tuangalie kile ambacho takwimu zilikuwa zinapima. Kampuni ya Nielsen ilifunga kifaa kwenye televisheni za nyumba zisizofika elfu mbili nchi nzima, na kifaa hicho kilirekodi televisheni imewashwa au imezimwa, na iko stesheni gani. Kuhusu nani hasa anatazama, kampuni ilitegemea shajara zilizojazwa kwa mkono na kaya nyingine. Mita za kumsajili mtazamaji mmojammoja hazikuingia katika hesabu za taifa mpaka mwaka 1987. Sasa tafakari Jumatatu usiku katika msimu wa mpira, katika nyumba yenye televisheni moja sebuleni. Mume anataka mpira, mke anataka Cagney & Lacey; kifaa kitaandika stesheni moja tu. Kama mke aliona kushindwa, au hakujali, au alikwenda kulala amenuna, hayo hayamo. Kifaa kilikuwa kinapima maamuzi ya nyumba, na katika nyumba nyingi uamuzi wa jioni haukuwa mkononi mwa mtu ambaye tamthilia ilimlenga. Sisemi kwamba Nielsen ilidanganya. Nasema CBS ilichukua kipimo cha kitu kimoja na kukitumia kama jibu la swali lingine. Barua, kwa kasoro zake zote, zilitoka kwa mtu mmoja mwenye jina, aliyekuwa na sababu na aliyezieleza.

Lipo pingamizi dogo linaloambatana na hili. Tamthilia iliporejea Machi 1984 ilitanguliwa usiku uleule na Kate & Allie, kichekesho kipya cha wanawake wawili waliotalikiwa wanaoishi nyumba moja, ambacho kilipendwa mara moja. Je, si hicho kilichoipandisha? Kilisaidia, bila shaka. Lakini ukilitazama vizuri pingamizi hili linaithibitisha hoja. Wakati wa majaribio ya mwaka 1982 tamthilia iliwekwa nyuma ya Magnum na watu wakaondoka. Mwaka 1984 iliwekwa nyuma ya hadithi nyingine ya wanawake watu wazima na watu wakabaki. Kilichobadilika kilikuwa dhana ya CBS kuhusu nani yuko nyumbani. Kuanzia hapo shirika hilo likaigeuza Jumatatu kuwa usiku wa hadithi za wanawake dhidi ya mpira wa ABC. Designing Women ilianza mwaka 1986 na Murphy Brown mwaka 1988, zote za CBS, na zote zikapata nafasi kwenye Jumatatu hizo.

Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la tatu. Linasema: mnasherehekea ushindi wa watazamaji, lakini walichookoa mwaka 1983 ni toleo lililokwisha kulainishwa. Foster alikuwa ameondoka. Cagney alikuwa amevalishwa vizuri, amepandishwa tabaka, ameonyeshwa na wanaume ili asidhaniwe vibaya. CBS ilipata ilichotaka kwanza, ndipo ikasikiliza. Siwezi kulikanusha hilo, na kwa maoni yangu kuondolewa kwa Foster ni doa ambalo mafanikio ya baadaye hayakulifuta. Alikuwa mwigizaji mzuri aliyefukuzwa kwa sababu ya woga wa watu wengine kuhusu sauti yake nzito na namna yake ya kusimama. Ila ukifuatilia vipindi vyenyewe utaona kwamba ulainishaji ulikomea nje, kwenye nguo na nywele. Ndani, tamthilia ilizidi kuwa ngumu. Mwaka 1985 Lacey aligundua uvimbe kwenye titi, na hadithi ikaeleza kwa utulivu kwamba mgonjwa ana haki ya kutafuta ushauri wa daktari wa pili na kwamba kukata titi lote si njia pekee. Mwaka 1987 Cagney alifuatwa hatua kwa hatua katika ulevi wake mpaka akasimama mbele ya wenzake katika kundi la walevi wanaojitibu. Mwaka uliofuata alibakwa na mtu aliyetoka naye kwa chakula. Pepper Anderson hakuwahi kuruhusiwa kuumia hivyo. Na watazamaji walikuwa sehemu ya sababu, maana waandishi walijua sasa kwamba upo umma unaofuatilia kwa makini na ambao hautakimbia.

Umma huo haukuwa na neno moja, na hapo ndipo hadithi ya barua inapokuwa na thamani kubwa kuliko hadithi ya kampeni iliyofaulu. Tarehe 11 Novemba 1985 kilirushwa kipindi kuhusu shambulio la bomu kwenye kliniki ya kutoa mimba. Lacey, mwenyewe mjamzito, anatetea haki ya mwanamke kuamua. Cagney, Mkatoliki, ana wasiwasi. Kamati ya Kitaifa ya Haki ya Kuishi iliitaka CBS isikirushe. CBS ilikataa, ingawa haikukosekana stesheni ya mkoani iliyokiacha. Waliokipinga walisema tamthilia inahubiri upande mmoja. Miongoni mwa waliokiunga mkono, wapo walioona kwamba wasiwasi wa Cagney umewapunguzia hoja. Mimi naona kipindi kile kilikuwa na upande na hakikuuficha, na pia kilimpa kila mhusika sababu ya kusadikika. Muhimu kwa hoja yetu ni kwamba baada ya miaka mitatu mjadala ulikuwa umehama. Hakuna aliyekuwa akiuliza tena kama umma unaweza kuwavumilia wapelelezi wawili wa kike. Watu waligombana kuhusu wanachosema wapelelezi hao, kama raia wanavyogombana na watu ambao maneno yao yana uzito.

Uingereza inatoa ulinganisho wa kufaa, kwa kuwa kule mambo yalianza bila mvutano huu. Mwaka 1980 ITV ilianza The Gentle Touch, Jill Gascoine akiwa Inspekta Maggie Forbes, mpelelezi wa London aliyefiwa na mumewe, na miezi michache baadaye BBC ikaanza Juliet Bravo, ambayo Stephanie Turner aliigiza inspekta anayeongoza kituo cha mji mdogo wa Lancashire. Muumbaji wa Juliet Bravo alikuwa Ian Kennedy Martin, yuleyule aliyeumba The Sweeney, tamthilia ya polisi wa kiume wanaotwanga watu makonde. Zote mbili zilidumu miaka kadhaa. Kisha Aprili 1991 ikaja Prime Suspect ya Lynda La Plante, na Helen Mirren akiwa Jane Tennison, ofisa wa juu wa upelelezi anayepokea kesi ya mauaji mbele ya kikosi cha wanaume wasiomtaka. La Plante alijifunza kazi hiyo kutoka kwa Jackie Malton, mmoja wa wanawake wachache sana wa cheo hicho katika polisi ya London. Tennison anavuta sigara, anakosa karamu ya familia, anampoteza mwanaume anayeishi naye, hatabasamu ili apendwe. Watazamaji wapatao milioni 14 walimfuata. Kila kitu ambacho CBS ilisema mwaka 1982 kuwa kitawafukuza watu kilikuwepo kwa Tennison kwa kipimo kikubwa zaidi. Mtu atasema Waingereza si Wamarekani. Lakini PBS ilipoileta Prime Suspect Marekani, ikapata mapenzi yaleyale na Emmy juu yake.

Bado ni lazima tuulize watazamaji waliosikilizwa walikuwa nani. Mwaka 1984 Dorothy Swanson, aliyekuwa miongoni mwa walioandika barua kuokoa Cagney & Lacey, alianzisha Viewers for Quality Television, chama cha watazamaji kilichotoa maoni ya pamoja kuhusu tamthilia zinazostahili kulindwa. Kilidumu hadi mwaka 2000. Wanachama wake kwa sehemu kubwa walikuwa watu wenye elimu na kipato, na hilo halikuwa jambo dogo machoni pa CBS. Kufikia miaka ya 1980 wafanyabiashara walikuwa wanamtafuta mwanamke mwenye ajira, mwenye fedha yake mwenyewe ya kununulia gari na tiketi ya ndege, na barua zilionyesha kwamba yuko tayari kukaa mbele ya televisheni saa nne usiku. Barua zile zingetoka kwa wafagiaji wa hospitali peke yao, sidhani zingesomwa kwa makini yaleyale. Get Christie Love! ilipofutwa mwaka 1975 hakuna aliyeirudisha, na mwanamke Mweusi alisubiri miaka mingi kabla ya kupewa tena tamthilia ya polisi iliyo yake. Carl Lumbly, aliyeigiza mpelelezi Petrie katika kituo kilekile cha Cagney na Lacey, alipewa hadithi nzuri za hapa na pale, lakini mkewe Petrie na wanawake Weusi wa mtaa ule walibaki pembeni ya picha.

Kwa hiyo barua ziliwafungulia mlango watazamaji wa aina fulani, waliokuwa na muda, kalamu na bei sokoni. Hilo linapunguza ukubwa wa ushindi, lakini linaiacha hoja mahali pake. Wakubwa wa CBS walipodai kuwasemea watazamaji mwaka 1982, hawakuwa na barua, walikuwa na takwimu zinazowapinga, na walikuwa na woga wao wenyewe. Wanawake walioandika walikuwa angalau wakijisemea wenyewe. Na kama kumbukumbu zao zisingehifadhiwa katika maboksi ya mtayarishaji mpaka mtafiti mmoja akapata kuzifungua, maelezo ya ofisa yule asiyetajwa jina ndiyo yangebaki katika vitabu kama maoni ya Wamarekani kuhusu mpelelezi mwanamke.